Namba Uliyoikariri Darasani: Mambo Kumi ya 27,834, Kuanzia la Mkiani

Muulize mtoto yeyote wa Bujumbura aliyewahi kukaa dawatini: Burundi ina ukubwa gani? Hujamaliza kuuliza, ameshajibu: kilomita za mraba 27,834. Wa Rohero atajibu kwa Kifaransa, wa Kamenge kwa Kirundi, wa Buyenzi kwa Kiswahili chetu chenye haraka zake, lakini tarakimu ni zilezile. Sasa mwambie akueleze jambo jingine lolote kuhusu hiyo 27,834. Kimya. Ataanza kutazama dari.

Si kosa lake. Namba hii tumeikariri kama namba ya simu ya mtu ambaye hatujawahi kumpigia. Imetufaulisha mitihani ya jiografia, tukaiacha hapohapo. Hakuna aliyeigawa, aliyeigeuza wala aliyeifungua kuona ndani kuna nini. Leo tunaifungua.

Masharti ya mchezo: tunahesabu kurudi nyuma, kuanzia kumi hadi moja. Kikokotoo cha simu ni halali. Anayetaka kubisha abishe na kalamu mkononi, maana ubishi wa mdomo mtupu vijiwe vya kahawa vya Buyenzi vinao wa kutosha hadi mwakani.

10. Ni shufwa, na haina tarakimu iliyojirudia

2, 7, 8, 3, 4. Kila moja imekuja mara moja na kukaa kwake. Mwisho kuna 4, kwa hiyo namba ni shufwa. Jumlisha tarakimu zote upate 24, na kwa kuwa 24 inagawika kwa 3, namba nzima inagawika kwa 3. Ujanja huu si uganga: 10, 100, 1,000 na wenzao wote, ukiwagawa kwa 3, hubakiza 1, kwa hiyo tarakimu hubakiza kilekile popote ilipokaa.

Inagawika kwa 2, inagawika kwa 3, basi inagawika kwa 6. Hiyo sita iweke mfukoni, ina kazi mbele. Ndiyo, jambo la kumi ni jepesi. Ulitaka tuanze na fataki?

9. Haina furaha, na kuna ushahidi

Wanahisabati wana kundi wanaloliita namba za furaha. Chukua namba, zidisha kila tarakimu kwa yenyewe, jumlisha, kisha rudia. Ukifika 1, namba ina furaha. Saba, kwa mfano, inayo: 49, 97, 130, 10, 1. Harusi imekwisha, watu warudi nyumbani.

Yetu sasa. 4 + 49 + 64 + 9 + 16 ni 142. Kutoka hapo 21, 5, 25, 29, 85, 89. Ukishafika 89 umenaswa: 145, 42, 20, 4, 16, 37, 58, halafu 89 tena, na tena, na tena. Namba zote zisizo na furaha huishia kwenye kizungumkuti hicho cha namba nane, na hakuna iliyowahi kutoka.

Mwaka 2018 Ripoti ya Furaha ya Dunia iliiweka Burundi nafasi ya mwisho, ya 156 kati ya nchi 156. Nikaipima na hiyo 156: 62, 40, 16, imenaswa palepale. Angalau waliotupa nafasi hiyo walichagua namba inayoendana nasi. Ila nina wasiwasi kama waliwahi kukaa ufukweni Jumamosi jioni mbele ya samaki mukeke wa kuchoma.

8. Ilikosa kuwa mraba kwa 55 tu

167 mara 167 ni 27,889. Kwa maneno mengine, ungetaka kuinyoosha Burundi iwe mraba kamili wenye upande wa kilomita 167, ungepungukiwa kilomita za mraba 55. Na 55 yenyewe ni jumla ya 1 hadi 10, kwa hiyo hata upungufu wetu umepangwa kwa heshima.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Namba nyingi zinaweza kuandikwa kama mraba mmoja kutoa mraba mwingine: 21 ni 25 kutoa 4. Ya kwetu haiwezi, hata uikeshee. Sababu ni fupi. Mraba kutoa mraba daima ni tofauti ya vipeuo vyake kuzidisha jumla yake, na hizo mbili ama zote ni shufwa ama zote ni witiri. Zikiwa witiri, jibu ni witiri. Zikiwa shufwa, jibu linagawika kwa 4. Sasa 27,834 ni shufwa, na ukiigawa kwa 4 inabakiza 2. Mlango umefungwa pande zote mbili.

Tusilalamike. Ramani yetu ina umbo la moyo, na fundi bati yeyote atakwambia shida ya kuezeka kitu kisicho na pembe.

7. Haikubali mikoa, ya zamani wala mipya

Mpaka juzi Burundi ilikuwa na mikoa 18 na komuni 119. Mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameifanya mikoa 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Komuni zimebaki 42. Tugawe.

Kwa 18, kuna baki. Kwa 119, kuna baki. Kwa 5, kila mkoa unapata 5,566.8. Kwa 42, baki ni 30. Hakuna hata mgao mmoja unaotoka safi.

Namba hii inagawika kwa 1, 2, 3 na 6, kisha inaruka mpaka 4,639. Katikati hapo hakuna kitu. Kwa hiyo wataalamu wakitaka mgao wa haki wana njia chache, kama vile mikoa 2, mikoa 3, mikoa 6, au mikoa 4,639 ya kilomita za mraba sita sita. Huo wa mwisho ndio nauogopa. Kila kilima na gavana wake, kila gavana na gari lake, na mafuta tunayotafuta kwa foleni tunayajua wenyewe.

Ukiwa mtu wa kupanga mistari, jua pia kwamba 27,834 inaweza kuandikwa kama jumla ya namba zinazofuatana kwa njia tatu tu. Tatu zinazofuatana: 9,277, 9,278 na 9,279. Nne: 6,957 hadi 6,960. Kumi na mbili: 2,314 hadi 2,325. Ya nne haipo. Usiitafute, utakosa usingizi bure.

6. Ni miraba mitatu, na Waganda wamejificha ndani

Tumeshaona kwamba peke yake si mraba. Je, miraba miwili kwa kujumlisha? Hapana. Kati ya vigawo vyake kuna 3, na 3 ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3. Kigawo tasa cha namna hiyo kikijitokeza mara moja tu, njia ya miraba miwili imekwisha.

Lakini mitatu inawezekana. Mfaransa Adrien-Marie Legendre alionyesha mwishoni mwa karne ya 18 ni namba zipi zinazoshindwa: zile zinazobakiza 7 zikigawanywa kwa 8, pamoja na zile unazopata ukizizidisha hizo kwa 4, kisha 4 tena, na kuendelea. Yetu ikigawanywa kwa 8 inabakiza 2. Imepita. Na jibu mojawapo ni hili: 161 mara 161, jumlisha 43 mara 43, jumlisha 8 mara 8. Yaani 25,921 na 1,849 na 64. Jumlisha mwenyewe, nakusubiri.

Sasa uhondo. Ile miraba miwili midogo, 1,849 na 64, inafanya 1,913, ambayo ni namba tasa. Chukua eneo la Uganda, kilomita za mraba 241,038, ulivunje: 2 × 3 × 3 × 7 × 1,913. Ni ileile 1,913. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 pamoja na Rwanda, kumbe Kampala walishapanga chumba ndani ya namba yetu muda mrefu. Kodi hatujaiona.

5. Inafika nyumbani kwa hatua 59

Mjerumani Lothar Collatz aliachia dunia mchezo huu katika miaka ya 1930. Namba ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, zidisha kwa 3 uongeze 1. Endelea. Inaaminika kila namba itaishia 1. Kompyuta zimejaribu namba nyingi kupita tunavyoweza kuzitaja, na hakuna iliyokataa. Kuthibitisha kwamba *zote* zitafika, hakuna aliyeweza. Paul Erdős, aliyetatua mengi kuliko wengi, aliona hisabati bado haijawa tayari kwa swali hili.

Yetu inaondoka 27,834, inashuka 13,917, na papo hapo inaruka hadi 41,752. Hapo ndipo kileleni, hatua ya pili tu! Baadaye ni mteremko wenye vilima: 5,219, 15,658, 7,829, 23,488, kisha inashuka mfululizo mara sita hadi 367. Inatangatanga kidogo kati ya mitaa ya mia tano na ya elfu nne na kitu, inagusa 131, inapita 37, inasalimia 28, inateleza 7, inapanda tena hadi 52 kwa kujidai, kisha 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1.

Hatua 59, na haijasimamishwa na polisi hata mara moja. Mwenye basi lenye sifa hizo anitafute.

4. Ukiitazama kwenye kioo mara tatu, inakubali

Hili lifanye mezani, kwa kalamu, na mtoto awe karibu. Andika namba. Chini yake iandike kinyumenyume. Jumlisha. Kisha rudia.

27,834 na 43,872 ni 71,706.
71,706 na 60,717 ni 132,423.
132,423 na 324,231 ni 456,654.

Simama hapo. Soma 456,654 kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Ni ileile. Imepanda ngazi tatu na kushuka tatu, kwa mara tatu tu za kujumlisha.

Unaweza kudhani kila namba hufanya hivyo. Jaribu 196. Ndogo, ya tarakimu tatu, sura ya upole. Watu wameisukuma kwa kompyuta mpaka ikawa na mamilioni ya tarakimu na bado haijasomeka sawa pande zote mbili, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haitasomeka. Wengine wameitolea miaka ya maisha yao. Sisi tumemaliza kabla kahawa haijapoa.

Cha nyongeza: namba inayosomeka sawa pande zote, ikiwa na tarakimu sita kama hii, lazima igawike kwa 11. Gawa: 41,514. Jaribu tena: 3,774. Imegawika mara mbili bila kulazimishwa. Ukarimu wa aina hii ndio unaoharibu wageni.

3. Ina vigawo vinane, na mkubwa wao ni pacha

Ivunje mpaka isivunjike: 27,834 ni 2 × 3 × 4,639. Basi. Namba tasa tatu tofauti, kila moja mara moja. Namba za aina hiyo huitwa sfeniki, na zote, bila ubaguzi, zina vigawo vinane kamili. Vyetu ni 1, 2, 3, 6, 4,639, 9,278, 13,917 na mwenyewe 27,834. Komuni zetu 42 nazo ni sfeniki: 2 × 3 × 7. Waliozipanga huenda walikusudia, huenda walichoka wakaishia hapo.

Utajuaje kwamba 4,639 ni tasa kweli? Huhitaji kuigawa kwa kila kitu. Kipeuo chake cha pili ni 68 na kidogo, kwa hiyo unajaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 67 tu. Ziko 19. Ukizimaliza zote bila kupata, hakuna kilichobaki cha kujaribu. Ya kuchekesha ni 29: inafika 4,640, imekosea kwa moja! Mshale umepita sikioni.

Sasa angalia jirani yake, 4,637. Nayo ni tasa. Tasa mbili zilizotengana kwa 2 huitwa mapacha, na swali la kama mapacha hawa hawaishi halijajibiwa mpaka leo. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mwalimu wa chuo kikuu huko New Hampshire ambaye karibu hakuna aliyemjua, alithibitisha kwamba jozi za tasa zilizotengana kwa chini ya milioni 70 haziishi. Wenzake wakaukata umbali huo mpaka 246. Kutoka 246 hadi 2 bado pamebaki, na hapo wamekaa.

Mapacha tunawajua. Mpaka tarehe 1 Julai 1962 tulikuwa Ruanda-Urundi, makao makuu hapahapa, mji ukiitwa Usumbura. Siku moja, uhuru mara mbili. Basi chukua eneo la Rwanda, 26,338, ulivunje: 2 × 13 × 1,013. Sfeniki! Vigawo vinane! Ndugu ni ndugu hata kwenye kikokotoo.

Tanzania, kwa ile 945,087 inayotajwa mara nyingi, ni 3 × 11 × 13 × 2,203. Tasa nne, si sfeniki, wakubwa hawana budi kujitofautisha. Lakini hiyo 2,203 msiidharau: zidisha 2 kwa yenyewe mpaka ziwe 2,203, toa 1, unapata namba tasa yenye tarakimu 664. Raphael Robinson aliigundua mwaka 1952 kwa kompyuta ya enzi hizo iliyojaza chumba. Ndugu zetu wa Kigoma, mnalalia hazina na hamsemi.

2. Haina habari na Burundi

Hapa ndipo mwenye kijiwe anapoweka kikombe chini. Sifa zote hizi nane, zinatoka wapi? Hazitoki msitu wa Kibira, hazitoki mto Ruzizi. Zinatoka Paris. Katika miaka ya 1790 Wafaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, wakawatuma Delambre na Méchain kupima kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Wajerumani walipotutawala walikuja na mita, Wabelgiji waliowafuata wakaja na mita.

Tuseme baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliochukua Tanganyika wangechukua na Urundi. Tungekariri maili za mraba 10,747. Ivunje: 11 × 977. Ni witiri. Sfeniki imekufa. Sita imekufa. Saba imejirudia. Vilima ni vilevile, ng'ombe ni walewale, rula tu ndiyo imebadilika, na namba nzima imekuwa mtu mwingine. Ipime kwa furaha: 115, 27, 53, 34, 25, unajua inakoelekea. Hiyo tu ndiyo imehamia bila kubadilika.

Na kuna siri nyingine ndani yake. 27,834 imejumlisha maji. Nchi kavu ni takriban 25,680, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kipande tulichopewa cha Ziwa Tanganyika. Ziwa zima, kwa takriban kilomita za mraba 32,900, ni kubwa kuliko nchi yetu yote. Mwaka 2024 maji yalipanda kufikia mita 777 hivi juu ya usawa wa bahari, Gatumba ikafurika, watu wakahama na magodoro kichwani. Namba ya darasani haikutikisika hata tarakimu moja, kwa kuwa kilichotoka nchi kavu kiliingia majini na jumla ikabaki palepale. Jumla haioni nani analala wapi. Ndiyo maana namba ya kukariri haitoshi: lazima uulize imeundwa na nini. (Nimeivunja na 777, ndiyo: 3 × 7 × 37. Sfeniki. Ziwa nalo linataka uraia.)

1. Inagawa mirathi bila kubakiza hata pesa

Haya, ni bahati ya mita, nimekubali. Lakini bahati nyingine zinastahili kukaribishwa kiti.

Vitoe vigawo vyote kasoro namba yenyewe, uvijumlishe: 1, 2, 3, 6, 4,639, 9,278, 13,917. Unapata 27,846. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, Nicomachus wa Gerasa, mji ulio Jordan ya leo, alizipanga namba katika makundi matatu kwa jumla hii. Zinazopungukiwa, jumla ikiwa ndogo kuliko namba. Zilizokamilika, zikitoshana, na hizo ni adimu: 6, 28, 496. Na zinazozidi. Ya kwetu inazidi. Rwanda, kwa vigawo, wanafika 16,250 tu kati ya 26,338 yao. Tanzania nao wanapungukiwa. Benki ya Dunia inatuweka mkiani kwa pato la mtu mmoja mmoja, lakini kwa vigawo tunakopesha. Barabara za Kigali ni nzuri, hatubishi, ila kwenye daftari la Nicomachus waje wapange foleni.

Angalia sasa hiyo ziada imetoka wapi. Vigawo vitatu vikubwa, 13,917 na 9,278 na 4,639, ni nusu, theluthi na sudusi ya namba. Vijumlishe: 27,834 kamili, haipungui, haizidi. Ni ileile sita tuliyoweka mfukoni, maana 3 na 2 na 1 ni 6.

Kwa watu wa Buyenzi sehemu hizo tatu si ngeni. Nenda baada ya swala ukamuulize shekhe yeyote anayejua faraidhi:

"Shekhe, mwanamke amefariki. Hana mtoto, hana baba wala babu. Ameacha mume, mama, na ndugu mmoja wa kwa mama."

"Mume nusu. Mama theluthi. Ndugu sudusi. Imekwisha, hakuna baki."

Kesi nyingi za mirathi hazitoki safi hivyo. Zipo ambazo sehemu zinazidi mali na kila mmoja anakatwa kidogo, zipo ambazo mali inabaki na kutafutiwa wenyewe. Hii inatoka safi. Na ukiipa mali ya 27,834, hata desimali haihitajiki: mume 13,917, mama 9,278, ndugu 4,639. Ungempa shekhe ile 10,747 ya maili, angeanza kwa kumkatia mume namba yenye nusu.

Wala hii si ajabu ya namba moja. Kila namba iliyo 6 mara tasa yoyote kubwa kuliko 3 hufanya hivi, na kila moja huzidi kwa kiasi kilekile: 12, yaani 1 na 2 na 3 na 6. Namba ikiwa ndogo au ikijaza ukurasa, ziada ni 12 tu. Ukishalijua hilo, hujakariri tena. Umeelewa, na unaweza kuwafanyia wenzako mazingaombwe kwa namba wanayoichagua wao.

Na hiyo 12 ni ya nani? Warithi wameshachukua chao, mali imekwisha, 12 imesimama pembeni haina mwenyewe. Kwa desturi za kijiwe, ni ya aliyepiga hesabu. Kilomita za mraba kumi na mbili zinanitosha, sina tamaa. Nichagulieni upande wa ziwani, ila juu kidogo, maji yasipafikie.